Mashamba Tuliyoyaacha Yakiwa Mazima

Wiki moja baada ya mimi kustaafu, Wambui, afisa kijana aliyechukua meza yangu, alinipigia simu kuniuliza ufunguo wa kabati la ramani uko wapi. Nilimwambia kabati lile halijawahi kuwa na ufunguo. Unalipiga teke chini, upande wa kulia, linafunguka lenyewe. Akacheka, kisha akasema, "Madam, mambo kama hayo si utuandikie? Hapa umetuachia mafaili, lakini mafaili hayaongei."

Basi naandika. Nilipandishwa cheo lini hamtasoma hapa, maana hata mimi nimesahau, na mshahara sitautaja msije mkanihurumia. Nitaandika habari za watu walionifundisha kazi, na shamba moja juu ya Naro Moru ambalo nusura linishinde.

Niliingia kazini nikiwa na miaka ishirini na miwili, mchora ramani katika ofisi ya baraza la mji pale Nyeri, enzi za kabla ya kaunti. Ofisi ilikuwa ghorofani na ilinuka amonia, kwa sababu mashine ya kunakili ramani ya wakati huo ilitumia amonia, na kila aliyefanya kazi mle alikuwa na macho mekundu kama ametoka msibani. Mkubwa wangu alikuwa mpima ardhi aliyeitwa Bwana Ndiritu, mrefu, mkavu, mwenye sweta moja la kahawia ambalo sikuwahi kuliona limefuliwa wala limechafuka. Siku ya kwanza alinipa kalamu ya wino, karatasi ya kupitishia mwanga, na wembe.

"Wembe ni wa nini, Bwana Ndiritu?"

"Wa kufuta. Wino hauna raba. Ukikosea, unakwangua makosa yako polepole, na kila mtu anaona pale ulikwangua."

Nilidhani tutakaa chini tuchore. Badala yake alichukua fito mbili za rangi nyekundu na nyeupe, panga na cheni ya kupimia, akaniambia twende. Tulienda shamba moja nje ya Kiganjo, nikavuta cheni ndani ya mahindi tangu asubuhi hadi saa nane, mashona-nguo yamenijaa sketi yote. Tuliporudi kwenye gari akaniuliza nimeona nini.

"Mipaka."

"Kona ngapi?"

"Sita."

"Na maji ya mvua yanatokea wapi yakienda wapi?"

Sikujua. Hakunigombeza. Alifungua tena mlango wa gari, akatoa fito, tukarudi. Mara hiyo tulimfuata mwanamke mmoja aliyekuwa anatoka mtoni na mtungi, na ndani ya robo saa alikuwa ametuonyesha mfereji wa zamani, mahali udongo unapomeguka, na kona ambayo mwenye shamba alikuwa ameisahau. Tangu siku hiyo, nikifika shamba lolote, kwanza namtafuta anayeteka maji. Chifu baadaye.

Ndiritu alikuwa na sheria zake na hakuna hata moja iliyoandikwa popote. Usimfikie mfugaji kabla hajapeleka maziwa, maana atakukubalia kila kitu ili uondoke, na kesho atakana yote. Ukikaribishwa, kula. Nimekunywa uji mwingi sana kwa niaba ya serikali. Na usichore shamba ambalo miguu yako haijalizunguka. Siku hizi mnarusha drone, mnapata picha nzuri kuliko zangu zote, na sina ubishi. Lakini drone haiwezi kukaribishwa uji.

Sasa niseme jambo ambalo silisemi kwa fahari. Kwa miaka mingi ya ujana wangu kazi yetu kubwa ilikuwa kugawa. Mzee anafariki, watoto saba, ekari sita. Au mwenye kahawa amechoka na bei, anataka ploti za futi hamsini kwa mia. Yote yalikuwa halali, yote yalipita bodi ya ardhi, na mimi nilikuwa na mkono mzuri. Kuna shamba moja la kahawa nje ya mji wa Nyeri nililoligawa kwa mistari iliyonyooka hata Ndiritu akanisifu, naye hakuwa mtu wa kusifu. Miaka kumi baadaye nilipita pale nikienda harusini. Hapakuwa na mahali pa kuchomeka hata jembe. Kulikuwa na mageti, kuta, na mawe yaliyopangwa ardhini. Shina moja la kahawa lilikuwa limebaki kando ya geti, limekatwa mviringo kama ua la mapambo. Nilikaa harusini nikila pilau na sikusikia mahubiri hata kidogo.

Nilimweleza Ndiritu, ambaye alikuwa karibu kustaafu. Alisema, "Tumejua kugawa, Muthoni. Tumejua sana. Kitu hatujawahi kufundishwa ni kuacha shamba kama lilivyo, na mwenyewe akaishi."

Serikali za kaunti zilipokuja, mengi yalibadilika na mengine yalibadilishwa jina tu. Lakini jambo moja lilikuwa jipya kweli. Bunge letu la kaunti lilipitisha mfuko mdogo wa kuhifadhi mashamba na maeneo ya wazi. Mwenye shamba akikubali kutoligawa wala kulijengea kwa miaka ishirini, kaunti ingemlipa kitu kila mwaka, na juu yake ingemsaidia kuchimba matuta, kupanda nyasi za kushika udongo, na kulinda chemchemi kama iko. Makubaliano yangeandikwa kwenye rejista ya ardhi, ili hata shamba likirithiwa, ahadi iende nalo. Kwa viwanja vya mji, mfuko ungelipia kupima, hati na ua. Niliambiwa niusimamie huko mashinani kwa sababu, nadhani, hakuna mwingine aliyeutaka.

Baraza la kwanza la wananchi tulilifanyia Naro Moru. Nilieleza kwa saa nzima. Nilipomaliza, mzee mmoja mwenye kofia ya manyoya alisimama.

"Ati mnanilipa ndio nisiuze?"

"Ndiyo, mzee."

"Hiyo kazi naiweza. Nimeifanya bure miaka yote."

Watu walicheka mpaka chifu akagonga meza. Halafu akasimama mama mmoja na hakuna aliyecheka. "Na mkishaandika jina yenu kwa title yangu," aliuliza, "kesho mtarudi na tingatinga?" Nilimjibu kadiri nilivyoweza. Niliona nyuso zao, nikajua jibu langu halikutosha, na sikuwalaumu. Watu wa huku wameona ardhi ikichukuliwa kwa karatasi nzuri kuliko yangu. Siku ile tulirudi na fomu zetu zote, safi kama tulivyokuja nazo.

Nilipokuwa naingia kwenye gari, mwanamke wa miaka arobaini hivi alinishika mkono. Mikono yake ilikuwa na udongo wa viazi kwenye mistari ya viganja.

"Madam, naitwa Wairimu. Kuja uone kwetu kabla ndugu yangu hajauza."

Kwao kulikuwa na ekari kumi na mbili kwenye mteremko, upande wa msitu. Shamba lilikuwa la mama yake, Mama Nyaguthii, mjane wa miaka sabini na zaidi. Wairimu ndiye aliyelilima: viazi, vitunguu, kabichi, na ng'ombe wanne wa maziwa. Katikati ya mteremko ilitoka chemchemi, na maji yake yalishuka hadi shule ya msingi, hadi maduka ya kando ya barabara, na nyumba zote za katikati. Nimezunguka mashamba mengi. Lile lilikuwa limetunzwa na mtu anayelipenda. Matuta yalikuwa yamenyooka bila mpima, na kingo zake zimepandwa mabingobingo, majani ya kulisha ng'ombe.

Mama Nyaguthii nilimkuta ameketi kwenye kigoda anachagua mbegu za viazi. Alinisikiliza bila kuacha kuchagua. Mwishoni akasema, "Sisi hapa hatuna shida na wewe. Lakini niko na watoto wawili, na siwezi weka mkono kwa karatasi mmoja akikataa. Ongea na Wahome."

Wahome ndiye mzaliwa wa kwanza. Alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi Nanyuki, na alikuwa amepata mnunuzi, mtu wa hoteli aliyetaka kujenga nyumba za wageni pale juu zenye kuona mlima. Alikuja Jumamosi, akasimama uani mikono imefungwa kifuani, nikamhutubia. Nilimwambia habari za maji, za vizazi vijavyo, za udongo ambao ukienda haurudi. Yote yalikuwa kweli.

"Umemaliza, Madam?" aliuliza. "Wewe mwezi ikiisha unalipwa, mvua inyeshe isinyeshe. Mimi niko na watoto wawili college na mmoja form three. Unataka nikalie hii shamba kama kuku?"

"Kuku akikalia mayai," nilimjibu, "mwishowe hupata vifaranga."

Lilikuwa jibu zuri. Liliniharibia miezi miwili. Wahome aliingia kwenye pikapu yake, akamwambia mama yake kwa Kikuyu kwamba nikionekana tena pale yeye hatakanyaga, akaondoka. Mama Nyaguthii aliinua macho kutoka kwenye viazi vyake kwa mara ya kwanza, akanitazama kama mtu aliyetarajia zaidi.

Wakati huohuo Juni ilikuwa inakaribia. Nyinyi mnajua Juni ni nini katika ofisi ya serikali. Mwaka wa fedha ukiisha bila shamba hata moja kuandikishwa, pesa zile zingerudi, na tayari kulikuwa na waheshimiwa waliokuwa wakiuliza kwa nini zisipelekwe kwenye barabara. Mfuko ungekufa kabla haujajulikana kama unafanya kazi. Nilikuwa na mashamba mengine matatu kwenye orodha, na yote yalikuwa yanangoja kuona la Mama Nyaguthii litaendaje.

Nilienda Kiganjo kwa Ndiritu. Alikuwa amestaafu, anafuga nyuki, na sweta lilikuwa lilelile. Nilimweleza yote pamoja na habari ya kuku na vifaranga. Hakucheka.

"Ulienda pale kumshinda," alisema. "Umemshinda. Sasa?"

Halafu akauliza shamba liko wapi hasa. Nilipomtajia, macho yake yalibadilika. "Kuna jiwe kubwa jeusi hapo juu, limepasuka katikati? Mimi nilipima hapo nikiwa kijana wa kubeba cheni. Nitakuja. Lakini wewe utanyamaza."

Alichofanya ndicho ninachotaka mkumbuke kuliko yote niliyoandika hapa. Hakwenda shambani. Alipanda gari hadi Nanyuki, akaingia duka la Wahome kama mteja, akanunua kilo ya misumari ya kushikia waya wa ua. Akauliza bei ya mabati. Akauliza biashara inaendaje tangu barabara itengenezwe. Walizungumza zaidi ya saa nzima, na alipokuwa anatoka akajitambulisha, akasema, "Kesho kutwa nitakuwa kwenu. Nilipima ile shamba na baba yako akiwa amenishikia fito. Miguu imezeeka, natafuta mtu wa kunionyesha mpaka." Wahome angeweza kunikatalia mimi. Mzee aliyeshikiwa fito na baba yake hakuweza kumkatalia.

Siku hiyo tulikuwa watano: Ndiritu na fimbo yake, Mama Nyaguthii, Wairimu, Wahome, na mimi niliyeamriwa kunyamaza. Tulipanda taratibu hadi kwenye chemchemi. Juu yake kulikuwa na mikaratusi mikubwa, kama sitini hivi, iliyonyooka, mizuri kutazama. Ndiritu aliizunguka, akatazama juu, akatazama chini.

"Mama Wahome," alisema, "maji ilikuwa inatoka wapi wakati ule?"

"Hapa tu."

"Hapana. Fikiria. Ulipokuja hapa ukiwa bibi harusi, ulikuwa unachota wapi?"

Mama Nyaguthii aligeuka, akatazama mlimani. Alianza kupanda bila kutuambia kitu, akishika majani kwa mkono mmoja, akipita katikati ya mikaratusi. Wairimu alitaka kumsaidia, akamfukuza kwa mkono. Alisimama kwenye jiwe jeusi lililopasuka. Chini yake kulikuwa kukavu, kuna majani makavu na magome.

"Ilikuwa hapa," alisema. "Hapa chini ya jiwe. Nilikuwa naweka mtungi hapa na inajaa bila kuinama." Aliteremka tena akihesabu hatua kwa sauti hadi pale maji yanapotoka sasa. Zilikuwa hatua arobaini na tatu.

Nilijua ndani ya fomu yangu kulikuwa na sharti kwamba mikaratusi iliyo karibu na chemchemi ikatwe, kwa sababu hunywa maji kama ng'ombe wa kiangazi. Nilikuwa nimeogopa kulitaja sharti hilo. Ndiritu alilitaja yeye, polepole, akimtazama mama peke yake.

"Hii miti," Mama Nyaguthii alisema, "alipanda Baba Wahome. Kila moja. Mimi nilikuwa nambebea miche." Sauti yake ilikuwa kali. "Sasa mnataka nikate mkono yake?"

Nilidhani tumemaliza. Mwana hataki makubaliano, na mama hataki masharti. Wahome mwenyewe ndiye aliyeuliza, naye hakuuliza nilichotarajia.

"Mami, baba alipanda ya nini?"

"Ya kujenga. Alisema watoto wake hawataomba mbao kwa mtu."

"Na tulijenga?"

Mama Nyaguthii alitazama chini, kwenye nyumba yao ya mbao yenye paa jekundu. "Tulijenga," alisema. "Basi miti imemaliza kazi yake. Kata. Na hiyo mbao ni yako, Wahome. Peleka kwa duka yako, usomeshe watoto. Lakini shamba haiendi."

Wahome alisogea kando, akampa Ndiritu mgongo, akarudi. Ndipo alipotoa lililokuwa moyoni mwake siku zote.

"Na mimi nikizeeka, nitarudi wapi? Karatasi ya huyu Madam inasema hakuna kujenga. Miaka ishirini. Mimi ni mzaliwa wa kwanza na sina hata mahali ya kuweka kitanda kwetu. Afadhali niuze ninunue kwingine."

Ndiritu alinigeukia. Sasa naruhusiwa kusema, na Wahome alikuwa sahihi. Fomu niliiandika mwenyewe, nikiwa ofisini, na miguu yangu haikuwa imezunguka shamba lolote. Nilikuwa nimeandika *hakuna ujenzi wa aina yoyote* na nikajiona mlinzi wa ardhi.

"Nipe wiki mbili," nilimwambia. "Nilikosea."

Alinitazama kwa mshangao. Nadhani hakuwa amesikia mtu wa serikali akisema neno lile.

Nilienda kwa mwenyekiti wa kamati ya ardhi katika bunge la kaunti, mwanamke wa maneno machache aliyekuwa mwalimu wa hesabu kabla ya siasa. Alisoma fomu yangu mara mbili, akavua miwani.

"Nani aliandika hii?"

"Mimi, mheshimiwa."

"Wewe hujawahi kuzika mtu?"

Nilielewa. Huku kwetu mtu huishi shambani na huzikwa shambani. Nilikuwa nimeandika mkataba usio na mahali pa kuishi wala pa kulala. Alimwita wakili wa kaunti, kijana aliyependa kuwahi nyumbani, na kijana yule, Mungu ambariki, hakwenda nyumbani mapema wiki ile. Waliandika kifungu kipya: kila shamba lingeacha ekari moja ya boma la familia, ya nyumba na makaburi, mahali watakapochagua wenyewe, na zilizobaki zingekaa shamba. Kamati ilikaa, ikabishana kama ekari moja ni nyingi au ni kidogo, ikapitisha. Watu hupenda kusema serikali haifanyi kazi. Mimi nimeiona ikifanya kazi ndani ya siku kumi na moja, na nimeshukuru kwamba niliishi kuiona.

Walitia sahihi mwishoni mwa Juni, mezani kwa Wairimu, kukiwa na chai na viazi vya kuchoma. Mama Nyaguthii hakutaka kuweka kidole gumba. Alikuwa amesoma ngumbaru, akaandika jina lake herufi kwa herufi, huku sote tumeshikilia pumzi kama tunaangalia mtu akivuka mto juu ya gogo. Wairimu akatia sahihi yake, kisha Wahome. Akarudisha kalamu kwangu na kusema, "Kuku imekalia, Madam." Hapo ndipo nilipojua amenisamehe.

Miti ilikatwa kabla ya mvua za vuli. Wairimu alipanda mianzi na mikuyu mahali pake. Sitawadanganya kwamba maji yalirudi kwenye jiwe, maana hayajarudi. Lakini kiangazi cha pili, nilipokwenda kukagua, chemchemi ilikuwa imepanda hatua tisa, na mwalimu mkuu wa shule ya chini aliniambia mwaka ule hawakuwahi kuwaambia watoto waje na maji kutoka nyumbani.

Baada ya hapo mashamba mengine yalianza kuja. Mzee wa kofia ya manyoya alifika ofisini Nyeri asubuhi moja, akaketi bila kukaribishwa, akasema, "Nimekuja kulipwa kwa ile kazi." Tulimwandikisha.

Si yote yalikwenda vizuri. Kuna mji mmoja mdogo, jina nitaliacha, uliokuwa na uwanja ambapo watoto walicheza mpira, makanisa yalifanya mikutano, na siku za soko ng'ombe waliuzwa. Tulichelewa. Tulipofika na mfuko wetu, nusu yake ilikuwa na hati za watu na mawe ya msingi. Nusu iliyobaki iliokolewa na mwanamke mmoja muuza mitumba aliyeitwa Purity. Alikuja kwenye mkutano wa umma na wanawake wenzake wa soko, wakaketi viti vyote vya mbele, na mwenyekiti alipotaka kufunga mkutano Purity akasema, "Kwanza wasomeeni watu ramani ya zamani. Kwa sauti." Nilikuwa nayo, imechorwa na Ndiritu kwa wino. Niliisoma, neno UWANJA likiwa katikati yake kwa herufi kubwa, na hakuna aliyethubutu kugawa kilichobaki. Leo kuna ua, na watoto wanacheza nusu uwanja. Nikipita huwa najiambia laiti tungefika mwaka mmoja mapema. Kisha namwona Purity na rundo lake la nguo kando ya ua, na najiambia tungeweza pia kufika bila Purity, tukakosa yote.

Ndiritu alifariki mwaka mmoja kabla ya mwaka wangu wa mwisho kazini. Mama Nyaguthii alimfuata miezi michache baadaye, akazikwa kwenye ile ekari ya boma, karibu na mahali Wahome alikuwa amejenga nyumba yake ya vyumba vitatu. Siku ya mazishi Wahome hakuniita nitoe hotuba, akanipa kazi ya kugawa chai, kazi ambayo hupewa watu wa nyumbani. Nilifurahi kuliko kama angenipa kipaza sauti.

Mwezi wangu wa mwisho ofisini Wahome alikuja Nyeri. Alikuwa amevaa koti zuri na amebeba bahasha. Alisema kwamba miaka iliyopita, duka lilipokwenda vizuri, alinunua ekari tano upande wa chini, jirani na zile za mama yake, akiwa na mpango wa kugawa ploti. Alitoa hati akaiweka mezani.

"Nataka kuandikisha."

Ilibidi nimwambie ukweli. Mfuko wa mwaka ule ulikuwa umekwisha, na kulikuwa na orodha ya wanaongoja. Angekaa labda miaka miwili kabla ya kulipwa chochote.

"Madam," alisema, "nilisema nimekuja kulipwa?"

Wambui alikuwa meza ya pili. Aliacha kuandika. Nilitoa fomu mpya, ile yenye ekari ya boma, nikamuuliza Wahome kama angetaka sehemu ya kujenga.

"Weka hapo kwa kona, ya Wairimu. Ile nyingine ni shamba."

Kwenye mstari wa malipo ya kila mwaka niliandika sufuri. Katika miaka yangu yote ya kazi sikuwahi kuandika sufuri mahali hapo, na fomu haikuwa na maelezo ya kufanya hivyo, lakini haikukataza. Wahome alitia sahihi. Wambui akaja, akatia sahihi yake kama shahidi chini ya ile ya Wahome, na tarehe.